Majina yetu yako mkononi mwa nani? Historia ya kuandikwa mashariki mwa Kongo

Familia iliyokimbia vita ikifika mahali papya, jambo la kwanza ni kuandikwa. Shefu wa mtaa anaandika, kamati ya wakimbizi wa ndani inaandika, shirika la msaada nalo linaandika. Jina, umri, kijiji walikotoka, hesabu ya watoto, namba ya simu. Malalamiko ya raia yanaanzia hapo: liste inabandikwa ukutani, inapigwa picha, inatumwa kwa WhatsApp, na hakuna anayejibu ikiulizwa nani anaitunza. Malalamiko haya yana mizizi ya zaidi ya miaka 100.

Kwa amri ya tarehe 2 Mei 1910, Wabelgiji waliweka kila mwananchi chini ya shefu anayetambuliwa na serikali. Kitabu cha kuhesabu watu kilikuwa kitabu cha kodi na cha kazi. Aliyeandikwa alijulikana alipo, na alipohitajika kulipa au kubeba mizigo, alitafutwa. Ndiyo sababu sehemu nyingi watu walikimbilia porini waliposikia kwamba wahesabuji wanakuja.

Ngambo ya mpaka, Rwanda, ambayo pia ilikuwa chini ya Wabelgiji, ilianza katika miaka ya 1930 kutoa vitambulisho vyenye kuonyesha kabila la mtu: Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Wakati ule ilikuwa kazi ya ofisi tu. Mwaka wa 1994, kwenye vizuizi vya barabara, neno lile moja lilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo. Walioliandika hawakuwa tena ofisini, lakini karatasi ilikuwa imebaki.

Kongo nayo ilijifunza upande mwingine wa jambo hili: kukosa karatasi. Sheria ya mwaka wa 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Sheria ya 1981 iliwanyanganya. Tangu hapo watu wengi walidaiwa kuonyesha babu zao walikaa wapi, na vitabu vya zamani vya komini na vya usultani vikawa silaha ya mabishano. Mwenye karatasi aliificha vizuri. Aliyeipoteza alikosa la kusema.

Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanyika mwaka wa 1984. Tangu uandikishaji wa 2005, kadi ya mpiga kura ndiyo imetumika kama kitambulisho. Raia anaitoa kwenye benki, kwenye duka la simu, kwenye kizuizi cha askari. Anayekimbia usiku akiiacha nyumbani, anategemea liste ya shefu imtambulishe. Kwa hiyo hakuna anayeomba asiandikwe. Kinacholalamikiwa ni kuandikwa bila kuelezwa sababu.

Sheria zipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda maisha ya siri ya kila mtu. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inasema habari za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, na mwenyewe ana haki ya kuziona na kuzisahihisha. Mwezi wa Desemba 2023, komini kadhaa zilichagua pia washauri wao. Lakini kwenye ofisi ya mtaa, daftari bado liko juu ya meza, wazi kwa kila anayeingia.

Raia wanaweza kumuuliza anayeandika maswali manne: liste hii ni ya kazi gani? Nani ataisoma? Itafungiwa wapi? Itaharibiwa lini? Shefu asiyeweza kuyajibu hana sababu ya kuuliza kabila la mtu wala namba yake ya simu. Na kwa wenye kugawa msaada, namba ya jetoni inatosha kubandikwa ukutani. Majina yabaki ndani ya kabati yenye kufuli.