Nchi nyingine zinapogeuza saa: tahadhari kwa seva za barua pepe

Sisi wa Pwani hatugeuzi saa. Kaskazi au kusi, Mombasa iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC, mwaka mzima. Lakini hoteli yenye mawakala Ulaya, au kampuni ya mizigo yenye wateja Marekani, ina kalenda za mikutano ndani ya seva yake ya barua pepe, na mikutano hiyo hufuata saa za wenzetu.

Mfano mzuri ni Marekani mwaka 2007. Sheria ya nishati ya 2005 ilirefusha saa za kiangazi: zikaanza Machi 11 badala ya Aprili 1, zikaisha Novemba 4 badala ya Oktoba 28. Ofisi zilizotumia Microsoft Exchange zilipata kazi. Seva huandika mkutano kwa UTC, kisha humwonyesha mtu saa ya mji wake. Mkutano wa New York wa saa tatu asubuhi, Machi 20, ulioandikwa kwa kanuni ya zamani, uliwekwa saa 14:00 UTC. Kanuni mpya ilipoingia, ukaonekana ni wa saa nne. Hakuna aliyeugusa.

Kosa kubwa hapa ni kusogeza saa ya seva kwa mkono. Saa ya ndani haina ubaya. Kilichopitwa na wakati ni kanuni za majira. Ukiisogeza, barua zitapigwa muhuri wa saa ya uongo, na watumiaji huenda wakakataliwa kuingia, kwani mtandao wa Windows kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika tano tu.

Weka nakala ya akiba kwanza. Sasisha Windows kwenye seva na kompyuta zote, kisha Exchange, ndipo usahihishe mikutano iliyokwisha kuandikwa. Kazi hiyo ya mwisho apewe mtu mmoja. Msimamizi akisogeza, na mwenye kalenda naye akasogeza, mkutano unaweza kuruka mara mbili.

Katika wiki hizo, andika saa na mji kwenye kichwa cha mwaliko. Na kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia machweo, "saa tatu" peke yake haitoshi kwa mgeni; andika 9:00.

Ulaya hugeuza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, saa 1:00 UTC, yaani saa kumi alfajiri kwetu.