Anayepalilia Huchagua Mbegu

Wakulima wa mpunga katika bonde la mto Yangtze, nchini China, walipalilia kwa mikono kizazi baada ya kizazi. Gugu lililowasumbua zaidi lilikuwa nyasi ya jamii ya Echinochloa, ambayo kwa asili hutanda na shina lake huwa na wekundu karibu na mzizi. Mpaliaji aliyeinama jarubani aliuona wekundu, akang'oa. Aliiona iliyotanda, akang'oa. Ikasalia ile mimea michache iliyosimama wima, kijani tupu, isiyotofautika na mpunga, na hiyo ndiyo iliyodondosha mbegu za msimu uliofuata. Mwaka 2019 watafiti wa China waliosoma vinasaba vya nyasi hiyo walikadiria kwamba ilianza kuvaa sura ya mpunga miaka 1,000 hivi iliyopita. Miongoni mwa jeni zilizobeba alama za uchaguzi huo imo LAZY1, inayohusika na mashina kusimama au kulala.

Nilikuwa bwana shamba katika bonde la Kilombero hadi nilipostaafu, na nyasi za jamii hiyo tunazo. Akina mama wazoefu wa Ifakara hawaamini macho yao wanapopalilia. Hushika jani pale linapokutana na shina: mpunga una kikaratasi cheupe, chembamba, gugu halina. Macho yakidanganywa, vidole vinakamata.

Naanza na mikono kwa makusudi. Habari za magugu sugu husimuliwa kana kwamba zilianzia kwenye chupa ya dawa, na mkulima anayezisikia hudhani dawa ndiyo iliyoliharibu gugu, ikalitia ukaidi ambao halikuwa nao. Sivyo. Shambani mna mamilioni ya mimea, na miongoni mwake wamo tayari wachache waliozaliwa na hitilafu ndogo katika jeni. Siku za kawaida hitilafu hiyo haina faida. Siku mkulima anapoua wengine wote, waliosalia wanarithi shamba. Kupalilia ni kuchagua mbegu, uwe umeshika jembe au bomba la kupulizia.

Kiuagugu cha 2,4-D kiliingia sokoni mwaka 1945. Mwaka 1956 mwanabotania Mwingereza John Harper alionya kwamba magugu yangeweza kuwa sugu kwa dawa kama wadudu walivyokwisha kuwa. Mwaka uliofuata ziliandikwa taarifa mbili: moja ya gugu la Commelina katika mashamba ya miwa ya Hawaii, nyingine ya karoti mwitu huko Ontario, Kanada. Wakulima hawakushtuka. Dawa mpya zilikuwa zikija moja baada ya nyingine.

Kisa kilichowaamsha wataalamu kilitokea katika kitalu cha miche jimbo la Washington, Marekani. Tangu mwaka 1958 kitalu kilipuliziwa dawa za kundi la triazini, simazini na atrazini, mara moja au mbili kila mwaka. Kufikia 1968 Senecio vulgaris, kimmea kifupi chenye maua ya manjano, kilikuwa kinaota kana kwamba hakuna kilichopuliziwa. George Ryan alichapisha habari hiyo mwaka 1970.

Sababu yake ilifahamika mwaka 1983, na ilipatikana katika mmea tunaoujua jikoni: mchicha, ingawa ni wa spishi ya porini, Amaranthus hybridus. Triazini huua kwa kujipachika kwenye protini moja ndani ya kloroplasti na kukatiza usanisinuru. Joseph Hirschberg na Lee McIntosh walikuta kwamba mchicha sugu umebadilika mahali pamoja tu katika protini hiyo: kwenye nafasi ya 264, serini imepisha glisini. Dawa ikifika, haipati pa kushika. Na kwa kuwa jeni hiyo hukaa kwenye kloroplasti, usugu huu hurithiwa kwa mama, chavua haiubebi. Una gharama pia: mmea wenye badiliko hilo hutumia mwanga kwa ufanisi mdogo, na pasipo dawa hushindwa na wenzake. Hiyo ndiyo sababu ulikuwa nadra kabla ya dawa kuja.

Australia ilikuta jambo zito zaidi. Nyasi ya Lolium rigidum ilipandwa huko kwa hiari, kuwa malisho ya kondoo, kisha ikageuka gugu la ngano. Mwaka 1982 ilitangazwa kuwa sugu kwa dawa ya diklofopi, na baadaye baadhi ya mashamba yalikutwa na nyasi zinazostahimili hata dawa ambazo hazijawahi kupulizwa humo. Zilikuwa na vimeng'enya vya kundi la P450, ambavyo huvunjavunja sumu kabla haijafika inakoelekea, bila kujali ina jina gani. Lolium haijichavushi yenyewe. Kila mbegu ina wazazi wawili, na jeni dhaifu za huku na za kule hukusanyika katika mmea mmoja zikawa usugu kamili. Mkulima aliyepunguza kipimo ili kuokoa fedha aliharakisha mkusanyiko huo, maana dozi hafifu huwaacha hai hata wenye usugu kidogo.

Halafu likaja tumaini kubwa kuliko yote. Glifoseti iliingia sokoni mwaka 1974 kwa jina la Roundup, na kuanzia 1996 wakulima wa Marekani walipanda soya, kisha pamba, zilizotengenezwa zisidhurike nayo. Mwaka 1997 wanasayansi wa kampuni iliyoitengeneza, Monsanto, waliandika kwamba usugu dhidi yake hauelekei kutokea kwa urahisi. Wakati huo Lolium sugu kwa glifoseti ilikuwa imeshapatikana Australia.

Katika pamba ya jimbo la Georgia, Marekani, mhusika alikuwa tena ndugu wa mchicha, Amaranthus palmeri. Una mimea dume na jike, chavua yake huruka na upepo, na jike mmoja aweza kutoa mbegu laki kadhaa. Usugu wake ulithibitishwa katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2010 Todd Gaines na wenzake walieleza siri yake: jeni ya kimeng'enya kinachozuiwa na glifoseti haikubadilika, bali iliongezeka. Mimea sugu ilikuwa na nakala kati ya 5 na zaidi ya 160, zilizotapakaa katika kromosomu zote. Ni kama kumtuma mlinzi mmoja kufunga milango mia. Wenye pamba wa Georgia, katika nchi ya matrekta, wakarudi kukodi vibarua wa kupalilia kwa mkono.

Waaustralia walichagua njia nyingine. Ray Harrington, mkulima wa Darkan, alibuni mashine inayosaga makapi wakati wa kuvuna, mbegu za magugu zisirudi ardhini. Inafanya kazi vizuri. Hata hivyo, mwaka 2016 watafiti wa huko walionyesha kwamba figili mwitu, ukichagua vizazi vitano tu vya mimea inayowahi kuchanua, muda wake wa kuchanua hupungua kwa karibu nusu. Gugu linalowahi litamwaga mbegu kabla mashine haijafika. Mashine nayo inachagua.

Kilombero tunapulizia 2,4-D kwenye mpunga. Huua magugu ya majani mapana na kuziacha nyasi, kwa hiyo jaruba linalopuliziwa hiyo peke yake kila msimu hujaa nyasi. Mkulima huenda duka la pembejeo akauliza, "Kaka, ipi kali zaidi?" Akirudi na chupa yenye nembo tofauti na kiambato kilekile, hajabadilisha kitu. Swali la kuuliza dukani ni dawa hii inaua kwa njia gani, na kama ndiyo njia ya msimu uliopita, iache rafuni. Pulizia kipimo kamili. Baada ya wiki mbili pita tena shambani kwa mikono, ung'oe kila kilichopona kabla hakijatoa suke, maana hicho ndicho dawa yako imekuchagulia.