"Huenda" na "-ngali-": Uwezekano wa Wakati Uliopita katika Insha za Historia ya Gusii

Makala haya yanachunguza jinsi uwezekano wa wakati uliopita unavyoelezwa katika insha za wanafunzi wetu. Mwanafunzi wa Mosocho husoma historia kwa Kiingereza, kisha huisimulia kwa Kiswahili. Hapo ndipo "could have" humtatiza.

Tuzingatie tukio lililohusu watu wa Kitutu, sehemu ilipo Mosocho. Mnamo Januari 1908, Otenyo alimchoma mkuki Northcote, afisa Mwingereza aliyesimamia utawala wa Gusii. Simulizi za Abagusii hushikilia kuwa mtabiri Moraa ndiye aliyewahimiza vijana kupigana. Sasa, sentensi "Moraa could have incited Otenyo" ina maana mbili: ama inawezekana alimchochea, ila mwandishi hana hakika, ama alikuwa na uwezo wa kumchochea lakini hakumchochea. Kiswahili huzitenga maana hizi. "Huenda Moraa alimchochea Otenyo" huacha mlango wazi. "Moraa angaliweza kumchochea Otenyo" huufunga. Mwanafunzi anayeteua umbo la pili humfuta Moraa katika historia bila kukusudia.

Hii haimaanishi kuwa -ngali- haina nafasi. Northcote alijeruhiwa, akapona. Kwa hivyo ni sahihi kuandika: "Mkuki ule ungalimuua, Northcote asingalikuwa Gavana wa Hong Kong mwaka wa 1937." Nayo "must have" huwa ni kauli ya kukisia kutokana na ushahidi. Tutaandika "Bila shaka Northcote alishtuka", wala si "Ilimlazimu kushtuka".

Aidha, yapo mambo yasiyostahili kauli ya shaka kamwe. Baada ya shambulio hilo, Waingereza walituma askari kuwaadhibu Abagusii. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatwaliwa na watu wengi wakauawa, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa Waziri wa Makoloni, akalalamikia mauaji hayo. Hapa "huenda waliua" ni kupunguza uzito wa ukweli. Waliua.

Ni dhahiri basi kuwa kosa la kiambishi laweza kuwa kosa la historia. Mwalimu anaposahihisha insha asiishie kwenye sarufi. Amuulize mwanafunzi maswali matatu: ni lipi lililotokea, ni lipi unalokisia, na ni lipi ambalo halikutokea? Majibu yake ndiyo yatakayoteua kitenzi.