Pwani Walinakili, Mara Waliimba

Mwezi Julai 1786, katika mji mdogo wa Kilmarnock huko Scotland, mchapaji John Wilson alitoa nakala 612 za mashairi ya mkulima mmoja aitwaye Robert Burns. Bei ilikuwa shilingi tatu. Wasomaji walikuwa wamejiandikisha mapema kununua, kwa hiyo Wilson hakubahatisha na karatasi yake, na baada ya wiki chache vitabu vilikuwa vimekaribia kwisha.

Mwaka huo Muyaka bin Haji, aliyekuja kuwa mshairi, alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi Mombasa. Huko Pate na Lamu, mshairi mwingine, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alikuwa mtu mzima. Na bara, katika Mara ya leo, kwenye vilima vya Wakurya kaskazini mwa Mto Mara na nyika za Wangoreme, Wanata na Waikoma kusini yake, watu walikuwa wakiimba kwenye sherehe zao kama kawaida. Katika sehemu zote hizo hapakuwa na mtambo hata mmoja wa kuchapa, lakini mashairi yalitoka, yakasafiri na yakajibiwa.

Pwani, kazi ya Wilson ilifanywa kwa mkono. Mnakili alikaa na kalamu ya mwanzi, wino na karatasi iliyokuja na majahazi, akaandika kwa herufi za Kiarabu. Ubeti wa utendi, vipande vyake vinne, aliupanga katika mstari mmoja unaovuka ukurasa, na baina ya kipande na kipande akatia alama. Mwishoni, kama alikuwa mtu wa utaratibu, aliweka jina lake na tarehe ya Hijria. Nakala ilizaa nakala, na kila mkono ulirekebisha hapa na kukosea pale. Hati yenyewe ilikuwa na matatizo yake. Kiarabu hakina herufi za sauti kama p na ch, na irabu zake ni chache kuliko za Kiswahili, hivyo nusu ya kusoma ilikuwa kukumbuka. Wengi hawakuwahi kuushika mswada. Waliusikia ukisomwa kwa mahadhi.

Gharama zilibebwa na wenye nafasi. Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, beti zaidi ya elfu moja, kwa matakwa ya mtawala wa Pate. Kufikia mwisho wa karne hiyo, Pate yenyewe ilikuwa inaporomoka. Sayyid Abdallah, ambaye wataalamu humkadiria kuwa aliishi kati ya 1720 na 1820, aliziangalia nyumba za mawe zilizobaki mahame akatunga Al-Inkishafi, akiiambia nafsi yake itazame mwisho wa fahari ya dunia. Hiyo ni kazi ya mtu asiyemtegemea sultani yeyote amlipe.

Muyaka alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa karibu na Wamazrui waliotawala Mombasa, akatunga mashairi ya siasa, biashara, mapenzi na mafumbo, na wachambuzi wengi humsifu kwa kuutoa ushairi msikitini na kuupeleka sokoni. Mombasa na Lamu zilipogombana, ugomvi ulioishia kwenye vita vya Shela takriban mwaka 1812, beti zake zilivuka maji hadi Lamu na Zahidi Mngumi akamjibu kutoka huko. Mtu aliyepata shairi la adui alilijibu kwa vina, na watu wa miji yote miwili walijua nani kamshinda nani. Kwa kasi ya habari, nina shaka kama gazeti lingefanya vizuri zaidi.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililofika Mara. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilianza kulifikia Ziwa Victoria katika karne ya 19, na maandishi yalikuja baadaye zaidi, pamoja na misheni na shule. Anayetafuta mswada wa mwaka 1790 Tarime au Mugumu anapoteza muda wake. Kinachostahili kutafutwa ni namna nyingine ya kuhifadhi, na Wakurya wanayo moja ambayo ni ya kupendeza kwa hesabu yake.

Kila Mkurya huzaliwa ndani ya irikora, yaani kundi la kizazi. Mizunguko ni miwili, Saai na Chuma, na kila mmoja una makundi manne. Mtoto haingii kundi la baba yake bali lile linalofuata, na mjukuu linalofuata hilo, hadi mzunguko utakapokamilika. Matokeo yake, mtu hubeba jina la kundi la babu wa babu yake. Ukihesabu kizazi kuwa miaka 30, mzunguko mmoja ni miaka 120 hivi, na miwili mfululizo inakurudisha kwenye miaka ya 1780. Juu ya hapo kuna esaro, rika la waliotahiriwa pamoja, lenye jina lake. Mzee anayejua majina hayo kwa mpangilio anaweza kukupeleka nyuma zaidi kuliko rejista nyingi za wilaya.

Ushairi wenyewe ulibebwa na waimbaji, na ala ambayo Wakurya wanajulikana nayo zaidi ni litungu. Lina nyuzi nane, zilizokuwa za kano za ng'ombe na leo mara nyingi ni za nailoni, zimevutwa juu ya kisanduku kilichowambwa ngozi. Mpigaji huketi kwenye kigoda, huanza na nyuzi peke yake kwa muda mrefu, kisha sauti huingia karibu kama mazungumzo. Hutaja watu. Huyu ni mwana wa fulani, wa ukoo fulani, ng'ombe wake wako hivi, siku ile alifanya vile. Aliyetajwa vizuri husimama na kumtunza. Aliyetajwa vibaya huvumilia, kwa sababu akiondoka atatajwa tena.

Hapa ndipo njia mbili zinapotengana. Mnakili wa Lamu alijaribu kuhifadhi maneno, hata asipoyaelewa vizuri. Mwimbaji wa litungu huhifadhi umbo, majina ya koo na mahali, kisha maneno huyatengeneza upya kwa hadhira aliyo nayo. Kwa hiyo pwani tunamjua Muyaka kwa jina, ilhali wenzake wa Mara wameyeyuka ndani ya nyimbo za waliowafuata. Hiyo haina maana kwamba walikuwa wachache au dhaifu.

Isidhaniwe pia kwamba mtambo ungewatendea haki wote. Phillis Wheatley, msichana aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa Boston, alishindwa kupata wanunuzi wa kutosha kuchapwa huko. Kitabu chake cha mashairi kilitoka London mwaka 1773. Nao washairi wa pwani walisubiri mno. Mashairi ya Muyaka yaliishi katika vifua vya watu wa Mombasa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kumpa mmisionari W. E. Taylor, karibu miaka 50 baada ya kifo cha mshairi mwaka 1840. Mhariri William Hichens aliyatoa kama diwani mwaka 1940, na yalichapwa Johannesburg. Toleo lake la Al-Inkishafi lilitoka London mwaka mmoja kabla. Bila Sikujua, tungekuwa na Muyaka wa hadithi tu.

Mara ilipata akina Sikujua wake kwa kuchelewa. E. C. Baker, ofisa wa Kiingereza, aliandika kuhusu Wakurya wa Tarime mwaka 1935, kwa macho ya mtawala. Paul Asaka Abuso alichapisha historia ya Abakuria jijini Nairobi mwaka 1980, akitegemea kumbukumbu za wazee. Mwaka 2003 Jan Bender Shetler alikusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wenyewe wa Mara Kusini na kuzichapisha Leiden, na katika kitabu chake cha 2007 kuhusu Serengeti alionyesha jinsi masimulizi ya huko yanavyoshikiliwa na vilima, mito na mahame yenye majina. Hizo ni historia. Mashairi nayo yanastahili diwani ya aina hiyo.

Simu za mkononi zimejaa litungu kwenye harusi za Sirari na Nyamongo, na video hizo husambaa kwa saa chache bila jina la mpigaji. Anayerekodi, na amwulize mwimbaji mambo manne kabla hajazima: jina lake, ukoo wake, irikora yake, na nani alimfundisha. Ayaandike chini ya video, au nyuma ya daftari la shule.