Kushiba kwa indukta katika programu za kuigiza saketi

Indukta hushiba pale kiini chake cha sumaku kinapokaribia kikomo cha fluksi kinachoweza kubeba. Kuanzia hapo induktansi hushuka, na mkondo uliokuwa ukipanda taratibu huruka ghafla. Katika vigeuza-umeme, transista nyingi huungua kwa sababu hiyo. Kiini cha feraiti hushiba kwa ghafla, cha unga wa chuma hushiba polepole.

Programu nyingi za kuigiza saketi zimetokana na SPICE, iliyotolewa mwaka 1973 na Laurence Nagel na mwalimu wake Donald Pederson katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Indukta ya kawaida ndani yake ni namba moja tu isiyobadilika. Haishibi kamwe, hata ipitishiwe ampea elfu.

Ili kuigiza kushiba, njia iliyo salama zaidi ni kuandika fluksi yenyewe kama fomula inayotegemea mkondo, kisha programu itafute volti kutokana na kasi ya mabadiliko ya fluksi hiyo. Anayeandika induktansi inayobadilika na kuizidisha moja kwa moja kwa kasi ya mkondo hukosea kirahisi, kwa kuwa huchanganya induktansi ya jumla na ile ya nukta husika. Programu ya LTspice hupokea sentensi kama Flux=1m*tanh(5*x), ambamo x ni mkondo. Kwa mkondo mdogo koili hiyo ina milihenri 5; kwa ampea 0.2 inabakiwa na takriban 2.1. Ipewe volti 5 bila kukatizwa: baada ya mikrosekunde 180 indukta isiyoshiba ingekuwa na ampea 0.18, hii ina karibu 0.29. Katika mikrosekunde 198 ni 0.53 dhidi ya 0.198. Inafaa kuongeza kipande kidogo cha mstari mnyoofu, mfano +20u*x, kwa kuwa koili halisi iliyoshiba bado hubaki na induktansi ya waya wake, nayo hesabu haikwami.

LTspice ina pia modeli ya John Chan na wenzake, inayoonyesha histeresi. Hutaka namba tatu za kiini (Hc, nguvu ya kuondoa usumaku; Br, msongamano wa fluksi unaobaki; na Bs, msongamano wa fluksi wa kushiba) pamoja na urefu wa njia ya sumaku, pengo la hewa, eneo la kiini na idadi ya mizunguko. Namba za kiini hupatikana kwa watengenezaji. Modeli ya Jiles na Atherton, inayotumika katika programu ya PSpice, ina undani zaidi, lakini vigezo vyake ni vigumu kupata bila kupima.

Mkondo wa kushiba unaotajwa na mtengenezaji usichukuliwe juujuu: mmoja huuhesabu induktansi ikishuka asilimia 10, mwingine 30. Joto nalo hupunguza kikomo. Feraiti ya N87 hushiba kwenye takriban militesla 490 katika nyuzi 25 za Selsiasi, na 390 katika nyuzi 100. Kwa kifaa kitakachopata moto, mbunifu aweke Bs ya nyuzi 100.