Paa wa Sultani Darai: hekima, kiasi na deni la shukrani

Paa wa Sultani Darai ni mnyama wa kubuni katika ngano za Unguja. Ni paa mdogo asemaye, aliyenunuliwa na maskini kwa thumuni moja, akampandisha bwana wake hadi enzi, kisha akafa kwa kupuuzwa na huyo huyo aliyemwinua. Kisa chake ni miongoni mwa ngano za Kiswahili zilizotangulia kupigwa chapa. Kimo katika kitabu Swahili Tales, kilichotolewa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Zanzibar mwaka 1864 na kuwa askofu miaka kumi baadaye. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa katika kanisa kuu la Mkunazini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Darajani. Yeye aliandika tu. Masimulizi ni ya wenyeji wa mji, nasi Wakatoliki wa visiwa hivi tunayapokea kama urithi tunaoshiriki na jirani zetu Waislamu.

Maskini wa kisa hicho aliitwa Hamdani. Kazi yake ilikuwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, yaani sehemu ya nane ya riale, fedha iliyotumika Zanzibar zama hizo (wazee wetu waliendelea kuiita senti hamsini sumuni). Akapita mtu anayeuza paa. Watu wakamcheka Hamdani, maana asiye na chakula chake mwenyewe atamlishaje mnyama? Akamnunua hata hivyo, akagawana naye punje zake. Baada ya siku chache paa akanena, akaomba ruhusa ya kwenda kujilisha mchana na kurudi jioni. Akaruhusiwa, na kila jioni akarudi.

Msomaji asipite upesi hapo. Paa yule alikuwa huru kabisa kutokomea porini, nao majirani walikuwa na hakika kwamba atatokomea. Alirudi kwa sababu aliyemnunua alikuwa amempa nusu ya kidogo alichokuwa nacho.

Katika malisho yake akapata almasi kubwa chini ya mti. Kwa haraka angeipeleka kwa bwana wake. Lakini akapima, akaona kwamba fukara akionekana na kito cha namna hiyo ataulizwa amekiiba wapi, na pengine atauawa. Akakipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali, kiwe zawadi ya posa kutoka kwa bwana wake, ambaye sasa alimwita Sultani Darai. Kisha akamficha Hamdani mtoni, akasema kwamba wanyang'anyi wamemvua nguo, akamletea mavazi ya kifalme. Ndoa ikafungwa. Nyumba ikakosekana, paa akasafiri, akamuua kwa upanga nyoka mwenye vichwa saba, akaitwaa nyumba yake ya fahari. Yeye mwenyewe hakujitengea chochote.

Kitabu cha Hekima ya Sulemani (8:7) kinataja fadhila nne ambazo Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1805) inaziita za msingi: busara, haki, nguvu na kiasi. Zote zinaonekana kwa mnyama huyu, na uzuri wake ni kwamba hakuna inayoimeza nyingine. Ushujaa wake mbele ya nyoka haukumfanya mwenye makuu, wala werevu wake haukugeuka tamaa. Hata hivyo katekista atakayetumia kisa hiki asifiche kwamba paa alisema uongo mara mbili. Kanisa halihalalishi uongo hata ukizaa neema. Anaweza kusaidiwa na mfano wa wakili dhalimu (Lk 16:1-8), ambamo bwana anasifu busara ya wakili, si udhalimu wake.

Aidha, paa huyu si jini wala pepo. Katika kisa hapigiwi ramli wala hatolewi tambiko. Ananena kama mnyama wa ngano anenavyo, nasi tuliozoea kumsikia punda wa Balaamu (Hes 22) hatuna sababu ya kushtuka. Wala tusimchanganye na paa nunga wa msitu wa Jozani, kiumbe halisi na adimu, anayestahili kulindwa kwa sababu nyingine.

Kiini cha kisa kimo katika nyumba ile ya fahari. Paa aliugua. Mke wa Darai akahangaika. Darai akaagiza apikiwe uji wa mtama duni, ilhali ghala lilikuwa na mchele, akauliza kama mnyama huyo si yule wa thumuni. Hoja yake ndiyo inayotumika hata leo katika nyumba za waamini. Yaya aliyelea watoto watatu anapougua, tunakumbuka mshahara tuliopatana naye. Kaka aliyeuza shamba ili mdogo wake asome anapozeeka, anakumbukwa kwa bei ya shamba la wakati ule. Yoshua bin Sira (29:15-17) anaonya juu ya mtu anayesahau fadhili za mdhamini wake, aliyejitoa kwa ajili yake. Anayasema hayo katikati ya maneno ya mikopo na dhamana, mambo ambayo mfanyabiashara yeyote wa Darajani anayafahamu. Shukrani, basi, ni tawi la haki: ni kumpa mtu kilicho chake, na kadiri yake haipimwi kwa bei ya kwanza.

Paa akafa kwa huzuni, na Darai akaamuru atupwe kisimani. Mkewe akampelekea baba yake barua. Sultani akaja na watu wake, wakamtoa paa, wakamlilia, wakamzika kwa heshima. Usiku mmoja baadaye mke akaota yuko kwa baba yake, akaamka akajikuta huko kweli. Mume naye akaota yuko jaani anachakura; kulipokucha, vidole vyake vilikuwa vimo katika takataka, vikitafuta punje za mtama.