Papa Wemba, Koffi, na lile neno "ni wetu"

Leo tuongee historia ya karibu, ile tuliyoiishi sisi wenyewe. Kila mara mwanamuziki wetu anapoitwa mbele ya tribinali, kwa nini tunakimbia kumtetea mbele ya kuuliza alifanya nini?

Tuanze mwaka 2003. Mwezi wa pili, Papa Wemba anakamatwa Ufaransa. Wanamshitaki kwamba aliingiza watu Ulaya kwa viza za wanamuziki, watu wenye hawakujua hata kushika gitaa. Kinshasa watu hao walikuwa na jina lao: "ngulu", ni kusema nguruwe. Ni tusi, lakini lilisemwa kwa kucheka, na familia yenye kijana wao alipata nafasi ya kuwa ngulu ilifurahi kabisa. Mzee alikaa prizo karibu miezi 3 na nusu, akatoka kwa dhamana. Mwezi wa 11 mwaka 2004 tribinali ya Bobigny ikamhukumu miezi 30, kati yake 26 ya kuahirishwa, pamoja na faini ya euro 10.000. Kwa hesabu hiyo hakurudi tena ndani.

Hapa kwetu utetezi ulikuwa mwepesi: Mzee alisaidia watu. Na mimi siwezi kuwacheka wenye walisema hivyo. Nchi ilikuwa inatoka katika vita, ubalozi ulikuwa unakataa viza kwa kila mtu, na mtu mwenye alikufungulia mlango, hata kwa pesa, ulimwita mwokozi. Prizo yenyewe iligeuka wimbo: katika albamu Somo Trop ya 2003 kuko "Numéro d'écrou", namba ya mfungwa. Alipokufa jukwaani Abidjan, mwezi wa 4 mwaka 2016, nchi nzima ililia, na haki ilikuwa yake. Alikuwa kati ya wale waliounda Zaïko mwaka 1969, ni yeye aliyeanzisha Viva la Musica mwaka 1977. Mtu kama huyo hafutwi na karatasi moja ya Bobigny.

Lakini kosa lile lilitufundisha vibaya. Sababu wenye walipelekwa walikuwa wametaka wenyewe kwenda, tulizoea kufikiri kwamba makosa ya staa hayana mtu wa kuumia. Ni serikali ya Wazungu tu inaumia, na hiyo nani ataihurumia?

Miezi 3 tu baada ya msiba huo, tarehe 22 mwezi wa 7 mwaka 2016, Koffi Olomidé anashuka Nairobi. Mnakumbuka ile video. Mguu unainuka, mcheza dansi wa kike anapigwa teke palepale uwanja wa ndege, polisi wako karibu. Koffi alikana, akasema alikuwa anawakinga wachezaji wake. Wakenya hawakungoja, hasa wanawake wao: kesho yake alirudishwa Kinshasa, tamasha likakufa. Siku chache nyuma yake akakamatwa kwetu pia, kisha akaachiliwa. Aliomba radhi.

Siku zile nilikuwa na wenzangu katika chumba kimoja cha kupanga, watu watano, simu moja yenye mega. Tuliitazama video mara nyingi. Mmoja akasema Wakenya wana wivu. Mwingine akasema binti mwenyewe hajalalamika, sasa nyinyi mnalilia nini? Miye nilinyamaza. Hiyo hoja ya pili ilinishinda wakati ule, na imenichukua miaka kuielewa. Mcheza dansi analalamika kwa nani? Safari inatoka kwa bosi, viza inatoka kwa bosi, nguo, chakula na kitanda vinatoka kwa bosi. Akisema neno, kuko wasichana wengine wengi mlangoni wanangoja nafasi yake.

Wachezaji wanne walisema Ufaransa. Mambo yao ni ya 2002 hadi 2006: walieleza kwamba walifungiwa katika nyumba za pembeni ya Paris, hawawezi kutoka bila ruhusa, mpaka usiku mmoja wa 2006 wakatoroka. Mwezi wa 3 mwaka 2019, tribinali ya Nanterre ilimpa Koffi miaka 2 ya kuahirishwa juu ya mmoja wao, aliyekuwa na miaka 15 wakati ule. Rufaa ikaenda Versailles. Mwezi wa 12 mwaka 2021, korti ile ikamwondolea mashitaka ya kingono, sababu iliona maneno ya wanawake yalibadilika-badilika. Lakini ikamhukumu miezi 18 ya kuahirishwa kwa kuwafungia wote wanne. Mambo yote mawili yako katika hukumu moja, na mwenye anataka haki ayaseme yote mawili. Katika kikundi chetu cha WhatsApp watu walisoma la kwanza, wakapiga vigelegele, wakafunga simu.

Wengine watasema: korti ya Mufaransa, tutaiaminije, na historia yetu na Wazungu? Swali hilo ni la kweli, na sisi watu wa historia hatuwezi kulitupa. Lakini angalieni vizuri nani alikuwa anasimama upande wa pili. Si Mufaransa. Ni mabinti wa Kongo, waliotoka katika mitaa yetu, na walisema wanaogopa kurudi nyumbani. Tukisema staa "ni wetu", wao walikuwa wa nani?

Na tusidanganyane eti hatujui kumkatalia staa. Kwa miaka mingi vikundi vya "combattants" vilizuia tamasha za wanamuziki wetu Paris na Brussels, sababu waliimbia viongozi. Watu walisimama kwenye baridi, walipigana na polisi, kumbi zilifungwa. Nguvu hiyo ilitoka juu ya siasa. Juu ya wale wanne sikumbuki kuona kikundi chenye kilisimama barabarani.

Mwisho wa 2020, kati ya hukumu ya Nanterre na ile ya Versailles, "Waah!" ya Diamond na Koffi ilitoka. Ilipigwa kwenye harusi zote za huku kwetu. Nilicheza, na ikipigwa tena Jumamosi hii sijui kama nitabaki kwenye kiti.

Wale wa Droit, nawaachia kazi moja, mjibu hapa chini: binti akipelekwa Ulaya leo na orkestra, sheria yetu ya kazi inadai nini iandikwe kabla apande ndege, na pasipoti yake inapaswa kubaki mkononi mwa nani?